Mwenye Mashine Hayupo

Mtu mmoja alikuwa na mashine ya kusaga, na mashine hiyo ndiyo iliyokuwa jembe lake na shamba lake. Jina lake Ambilikile. Alikaa katika mji mdogo wa milimani, kule mvua inakonyesha mpaka nguo zinaota ukungu kwenye kamba. Ukiingia mji ule unavuka daraja la mbao, unampita mwuza mkaa, unapita vibanda vya chumvi na mafuta ya taa, halafu unaisikia mashine yake kabla hujaiona. Watu wa pale hawakuhitaji saa. Mashine ikianza kunguruma, kumekucha. Ikinyamaza, jua limekwenda. Aliuza shamba la urithi akainunua, kwa hiyo hakuwa na udongo wa kurudia. Mashine ikiondoka, nyumba imeondoka.

Hakuwa mtu mbaya. Hilo tuliweke mwanzo, maana tukimfanya mbaya tutajitoa sisi wenyewe katika habari yake. Alikuwa mzee wa kanisa, mpole, nyusi nyeupe kwa unga kuliko kwa umri. Mjane akija na debe lake alimsagia bure, wala hakutangaza. Hakuchezea mzani. Mke wake, Tusekile, ambaye watu walimwita Mama Atupele kwa jina la binti yao, ndiye aliyepokea mahindi na kupanga foleni, na yeye Ambilikile alisimama juu akimimina, masikio yamezibwa na mlio, moyo umetulia.

Mwaka wa kwanza alikuja afisa wa mapato. Alikuja wakati wa mavuno, wakati foleni ya wanawake inatoka mlangoni na kuzunguka nyumba. Afisa yule akaitazama foleni, akatikisa kichwa kama mtu aliyeona ng'ombe wanono, akakadiria kodi ya mwaka mzima kwa macho ya siku ile moja. Hakuuliza habari za miezi ya njaa, mashine inapokaa kimya kama kuku aliyelalia mayai. Yalikuwa makadirio mazito, na hayakuwa ya haki. Lakini hapo, ndugu zangu, mlango ulikuwa wazi. Ambilikile angeweza kwenda ofisini akasema, Bwana, umeniona siku ya harusi, njoo unione na siku ya msiba. Sheria ilimruhusu. Yeye aliogopa ngazi za ofisi ile, akaogopa maneno ya watu wenye kalamu, akajiambia, nitakwenda wiki ijayo. Wiki ijayo ni nchi ya mbali. Wengi tumefunga safari ya kwenda huko, na sijasikia aliyefika.

Aliyempa akili ni Sekela, mwuza mkaa wa darajani, mwanamke mchangamfu aliyeimba sauti ya kwanza katika kwaya.

"Kaka Ambi," alimwambia, "mtu akikudai asikukute, amemdai nani?"

"Ataniulizia."

"Ataambiwa hayupo. Mimi nashinda hapa darajani, macho yangu hayana kazi. Nikiwaona wanavuka, naimba."

"Unaimba nini sasa?"

"Ule wa Mwokozi anayebisha mlangoni. Si ndio ninaoujua beti zote?"

Wakacheka wote wawili, Sekela akajifuta machozi kwa kiganja cheusi, akabaki na alama shavuni. Ilianza hivyo, kwa mzaha, kama zinavyoanza nyingi.

Ikawa desturi. Afisa akitokea ng'ambo ya daraja, Sekela aliinamia magunia yake na kuanza ubeti wa kwanza, kwa sauti nzuri isiyo na haraka, kama mama anayejiimbia tu. Mwuza chumvi akaudaka, mshona viatu akaudaka, na kabla ya ubeti wa pili kwisha milango ya soko ilikuwa inafungwa mmoja baada ya mwingine. Ambilikile alizima mashine. Nyuma yake kulikuwa na chumba cha pumba, ambamo waliweka makapi ya mahindi kwa ajili ya wafuga nguruwe. Alijitumbukiza humo, akavuta viroba mbele yake, akajifukia mpaka mabegani. Mama Atupele akasimama mlangoni na kusema, "Mwenyewe hayupo. Amesafiri, amefuata kipuri." Na wanawake wa foleni wakaitikia, "Kweli, hayupo," sauti zile zile ambazo Jumapili zinaitikia amina. Wimbo wa kumkaribisha Mwokozi wakaufanya king'ora cha kukimbilia.

Maafisa walibadilika, wa kwanza akahamishwa, wengine wakaja wakaenda, wala hapakuwa na hata mmoja aliyeijua sura ya mwenye mashine. Walijua jina lake tu. Ambilikile alijiona mjanja. Wakati mwingine, mashine ikiwashwa tena na pumba zingali zimemganda shingoni, foleni yote ilicheka, naye alicheka nao, akampulizia mkewe unga usoni. Siku moja ilikuja familia kutoka kijiji cha ng'ambo, wamefiwa, wanataka unga wa kulisha waombolezaji. Walikuta kimya, kwa kuwa maafisa walikuwa wanazunguka sokoni. Wakaambiwa hayupo. Wakarudi na mahindi yao kichwani, kwenye mvua, na Ambilikile aliyasikia yote kutoka kwenye pumba. Alisema moyoni, nitawapelekea. Siku ya kuwapelekea nayo iliangukia wiki ijayo.

Ni jambo la kuogopesha jinsi mwili wa mtu unavyofundishika. Kwaya iliposimama kanisani na kuuanza wimbo ule, mgongo wa Ambilikile ulilowa jasho na macho yake yakatafuta mlango wa nyuma. Mara moja, siku ya Meza ya Bwana, aliinuka kabisa, akawapita watu magotini, akaja kuzinduka ameegemea ukuta wa choo cha kanisa, hajui alivyofika. Waliokaa karibu walidhani ni tumbo. Mama Atupele hakudhani. Mumewe aliporudi, alisogea kidogo ili ampe nafasi kwenye benchi, asicheke. Na nyumbani, kila alipopiga magoti kuomba, akifumba macho tu, harufu ya pumba ilimjia puani. Akaanza kufupisha sala. Baadaye akawa anaomba huku amesimama, huku anafunga kamba za viatu. Mtu akishazoea kumkimbia mmoja, hachagui tena anamkimbia nani.

Deni nalo halikusahau. Lilikua gizani kama viazi vinavyochipua chini ya kitanda, likazaa faini, na faini zikazaa. Redio ikitaja neno mapato, Ambilikile aliizima. Mwishowe ofisi ikabandika tangazo mlangoni kwake: mvua za masika zikiisha, wataing'oa mashine na kuiuza. Alilisoma, akalibandua, akaliweka jikoni likawashia moto. Mama Atupele alimwona.

"Baba Atupele, twende tukaongee nao. Nao ni watu."

"Niende niseme nini?"

"Useme tumechelewa."

"Wataniuliza nilikuwa wapi siku zote hizi. Hapo niseme nini, mama? Niseme nilikuwa kwenye pumba?"

Mama Atupele akachochea moto. Basi kufuli lilikuwa hilo. Fedha alishaacha kuiogopa, maana deni likizidi kimo cha mtu linakuwa kama mlima, mtu anaishi chini yake na kulima pembeni. Aliogopa swali.

Masika yakaelekea mwisho. Siku moja mvua ilikuwa inanyesha ile ya kutwa, isiyo na radi wala haraka, na foleni ilikuwa imejibana ndani. Sekela akaanza kuimba. Safari hii aliyevuka daraja alikuwa mtu mmoja peke yake, amevaa buti za mpira na koti lililolowa, pikipiki ameiacha ng'ambo kwa sababu ya utelezi. Aliitwa Mgaya, afisa mgeni, mwembamba, bado kijana. Soko likafunga macho mbele yake. Hakugonga mlango wowote. Alipanda moja kwa moja mpaka kwenye mashine, na alipofika, Ambilikile alikuwa ameshajifukia.

"Shikamooni, kina mama."

"Marahaba."

"Namtafuta mwenye mashine."

"Mwenyewe hayupo," alisema Mama Atupele. "Amesafiri, amefuata kipuri."

Afisa akaweka kiganja juu ya bati la mashine, akakitoa haraka. "Mbona ina homa hii?"

"Ni jua, baba," alisema bibi mmoja wa kwenye foleni, na ilibidi aseme kwa nguvu ili asikike, kwa jinsi mvua ilivyokuwa inapiga mabati.

Wanawake wakazika nyuso ndani ya khanga. Hata afisa alicheka. "Kweli, bibi. Jua la huku kwenu ni kali." Kisha akavuta gunia, akakaa, akakipa mgongo kile chumba cha pumba, kama mtu asiyetaka kumtazama mwenzake anayevaa. Alipoanza tena kusema alisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, hata kwa mvua ile.

"Mama, sikuja kudai. Umetoka msamaha. Malimbikizo yote na faini zake yanafutwa, kwa mtu anayekuja mwenyewe na kusema ukweli wa biashara yake. Tumetangaza redioni mpaka tumechoka. Tena nimeangalia haya ya kwenu, makadirio ya mwanzo yalikosewa. Mwenzetu alikuja siku ya mavuno, akahesabu foleni. Hilo tutalisahihisha, atalipa kadiri ya anachopata. Ila mwisho ni leo, ofisi ikifungwa jioni. Nimewapitia wote waliobaki. Huyu ndiye wa mwisho."

Mama Atupele alishika mlango. "Mimi ni mke wake wa ndoa. Nipe hiyo karatasi niweke dole gumba."

"Ningependa, mama."

"Sasa?"

"Sasa ni mwenyewe tu. Siwezi kumsamehe mtu ambaye hayupo."

Wanawake walitazama sakafu. Mama Atupele alitazama mlango wa chumba cha pumba, na neno lilikuwa limefika mdomoni mwake, lakini halikuwa lake kulisema. Kwa miaka yote alikuwa amemsemea mume wake kwamba hayupo. Kwamba yupo, hilo aliona ni lazima alitamke mume mwenyewe.

Na Ambilikile alisikia. Ukitaka kujua kama alisikia, alisikia kila kitu, mpaka lile neno la makadirio kukosewa. Furaha ilimpanda kifuani kama maziwa yanayochemka. Aliinuka kwa magoti, akasogeza kiroba kimoja, akaiona nuru ya mlango na mgongo wa koti lililolowa, karibu kiasi cha kuugusa kwa fimbo. Hatua chache, neno moja, na deni limekufa.

Hapo akajitazama. Pumba kwenye nywele, pumba masikioni, magoti meupe, mzee wa kanisa anayetoka kwa kutambaa mbele ya wanawake anaowagawia vitabu vya nyimbo. Mke wake ametoka kusema sasa hivi kwamba amesafiri. Akitokea hapa, amemfanya mwongo mbele ya mgeni, yeye na yule bibi aliyesema ni jua, na wote. Hofu ndiyo iliyomwingiza mle chumbani, lakini aibu ndiyo iliyoketi mlangoni, na aibu ni nzito kuliko hofu, maana hofu inakukimbiza na aibu inakukalia. Akasema moyoni, nitakwenda kwake, hakika nitakwenda, lakini si hivi nilivyo. Nitanawa kwanza.

Nyuma ya chumba kile kulikuwa na ubao uliolegea. Pembeni, kati ya takataka za chuma, kulikuwa na beringi kuukuu la mashine, ile pete ya chuma inayozungushia mhimili, lililochakaa. Akaliokota. Alifikiri, nikitokea njiani nimeshika kipuri, nitakuwa nimetoka safari kweli, na Mama Atupele atakuwa amesema kweli, na kila mtu atabaki na uso wake. Akapenya kwenye ubao, akateremka mpaka mtoni, akaingiza kichwa chote majini. Alisugua nywele, akasugua shingo, akasugua na beringi kwa mchanga mpaka likang'aa kama jipya. Maji ya milima yale ni baridi, mikono ilimfa ganzi. Alijiona anafanya jambo jema. Alikuwa anajitakasa ili aende kusamehewa.

Huku nyuma afisa alingoja. Alipewa kikombe cha chai, akanywa. Alitazama saa yake, akatazama mvua, mwisho akainuka, akamshukuru Mama Atupele, akateremka kuelekea darajani.

Wakakutana mwanzoni mwa daraja. Ambilikile alikuwa anapanda kutoka mtoni, maji yanamchuruzika, kipuri mkononi, na njia nzima alikuwa amelikariri neno lake: mimi ndiye. Mimi ndiye Ambilikile. Sekela alikuwa palepale pembeni, chini ya turubai la mkaa. Alimwona, akainamisha macho, asiache kuimba.

"Shikamoo, mzee," alisema afisa.

"Marahaba."

"Pole na mvua. Wewe ni wa hapa?"

"Ni wa hapa."

"Samahani, unamfahamu mwenye mashine ya kusaga?"

Wimbo ulikuwa masikioni mwake. Swali lilikuwa lile lile alilolisikia miaka yote kutoka kwenye pumba, kwa maneno yale yale, na kinywa chake kilikuwa na jibu lake tayari, lililozeeka humo, halikumngoja.

"Hayupo," alisema Ambilikile. "Amesafiri."

Afisa hakuondoka mara moja. Alilitazama beringi linalong'aa. Akamtazama mzee yule, na nyuma ya sikio lake, mahali mtu asipojiona, kilikuwa kimebaki kipande cha pumba ambacho mto haukukifikia. Alisimama pale kwenye mvua kwa muda, kama anayempa mwenzake nafasi ya kumalizia maneno yake. Ambilikile alifungua kinywa. Neno lililotakiwa lilikuwa dogo, mtoto anaweza kulitamka. Lakini sasa lilikuwa limefungwa pamoja na jingine, na lile jingine lilikuwa, nimekudanganya sasa hivi, uso kwa uso. Kama alishindwa kutoka akiwa na pumba mwilini, angetokaje akiwa na hili? Akafunga kinywa.

"Haya," alisema afisa taratibu. "Ukimwona, mwambie nilifika."

Akavuka. Akapanda upande wa pili, akaiwasha pikipiki, na mlio wake ukapungua mpaka ukabaki wa mvua. Ambilikile angeweza kukimbia. Pale mwanzoni pikipiki ile ilikuwa inateleza, ilikwenda polepole kuliko mtu. Alibaki ameshika ukingo wa daraja. Sekela alimaliza ubeti, na safari hii hakukuwa na aliyecheka.

Kesho yake alikwenda. Alizipanda zile ngazi za ofisi, na zikawa si ndefu kama alivyokuwa anafikiri. Alisema kila kitu: pumba, wimbo, mto, daraja, akayasema mengine ambayo hakuulizwa. Bwana Mgaya alimpa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, asimkatishe. Kisha akamwambia kwamba msamaha ule haukuwa mali yake. Alipewa aubebe, akapewa na siku ya kuurudisha, na siku imepita. Aliyasema hayo akitazama meza. Ambilikile aliona kwamba kijana yule alikuwa anaumia, na jambo hilo lilimwuma kuliko kama angetukanwa.

Mvua zikaisha. Lori likaja na watu wa spana. Sekela aliwaona wakivuka daraja, akafungua kinywa, wimbo haukutoka. Hakuna aliyefunga mlango. Ambilikile alikuwa amesimama nje, peupe, amevaa shati lake la kanisani. Akawaendea, akasema kwa sauti ambayo soko zima lilisikia, "Nipo. Mimi ndiye Ambilikile, mwenye mashine."

"Hatujakuulizia wewe, mzee," alisema yule aliyetangulia, si kwa ubaya. "Sisi tumefuata mashine. Sogea kidogo, tufungue nati."

Akasogea. Waliing'oa, wakaifunga kwa kamba, wakaondoka nayo, na pale ilipokuwa pakabaki alama ya mafuta kwenye saruji na mashimo ya bolti. Wanawake walichukua madebe yao kimya kimya, wakaanza safari ya mji wa pili. Beringi tu ndilo lililobaki, juu ya dirisha, likaanza tena kushika kutu.

Jioni hiyo, mji umenyamaza mpaka mtu anasikia mto, Ambilikile alimweleza mkewe lile la darajani, ambalo alikuwa bado hajamwambia. Hakujitetea. Mama Atupele alikuwa anapepeta mchele. Alisikiliza, akapepeta, akaweka ungo chini.

"Mimi niliposema hupo," alisema, "nilijua uko wapi. Wewe uliposema, ulikuwa wapi?"

Inasemekana mpaka leo hajajibu. Anakwenda kanisani, anakaa benchi la nyuma, na wimbo ule ukiimbwa hatoki tena nje, anabaki ameinama na mikono imefunika uso.

Nasi ambao tumejificha mahali fulani, tukingoja tunawe kwanza ndipo tutoke: Yule anayetutafuta ameshakaa mlangoni, ametupa mgongo ili tusione haya, na jioni inakaribia. Akikutana nawe njiani akakuuliza habari zako, kinywa chako kimezoea kujibu nini?